Katlesi ya Ayala

Chakula hupita kinywani kwa dakika chache, lakini huweza kukaa moyoni miaka mingi. Kuna chakula ambacho mtu hukikumbuka kwa utamu wake, na kuna chakula ambacho hukikumbuka kwa hofu iliyoketi naye alipokuwa akila. Mimi nina kumbukumbu za namna zote mbili, na ajabu yake ni kwamba zote zatokana na nyama ya mwitu. Katika insha hii nataka kueleza jinsi nilivyojifunza, nikiwa nimekwisha kuvuka umri wa miaka arobaini, kutengeneza sandwichi ya katlesi kwa nyama ya ayala katika nchi ya Japani, na jinsi kazi hiyo ndogo ya jikoni ilivyonirudisha kwenye jambo ambalo mimi na baba yangu hatukuwa tumelizungumza kwa muda wa miaka zaidi ya thelathini. Msomaji asitazamie kupata hapa elimu ya upishi peke yake, wala asitazamie kuikosa kabisa.

Nianze na neno, kwa kuwa maneno ndiyo kazi yangu. Neno katlesi tumelipata kwa Waingereza, na Waingereza walilipata kwa Wafaransa, ambao husema côtelette. Asili yake ni ubavu. Maana yake ni kijibavu, yaani kipande kidogo cha nyama kilichokatwa pamoja na mfupa wake. Neno hilo lilipofika pwani yetu lilipoteza mfupa, kisha likapoteza na sehemu kubwa ya nyama. Katlesi yetu ni viazi vilivyopondwa, vikatiwa nyama ya kusaga, kitunguu, kotmiri, pilipili na ndimu, vikabanwa kwa viganja, vikachovywa katika yai na kugaragazwa katika chenga za mkate, kisha vikakaangwa mpaka vikawa na rangi ya dhahabu. Ubavu haumo. Hata hivyo hakuna mtu wa Kilwa wala wa Mombasa atakayekubali kuambiwa kwamba alacho si katlesi. Neno likishavuka bahari huwa mwenyeji wa bandari lilikoshukia, nalo hula chakula cha wenyeji wake.

Wajapani nao walilipokea neno hilo hilo. Wao walilitamka katsuretsu, kisha wakalifupisha likawa katsu. Husimuliwa kwamba mkahawa wa Rengatei, katika mtaa wa Ginza mjini Tokyo, ulianza mwaka 1899 kuuza pande la nyama ya nguruwe lililovikwa chenga za mkate na kukaangwa katika mafuta mengi. Husimuliwa tena kwamba mwaka 1935 mkahawa wa Isen, katika mtaa wa Ueno wa mji huo huo, ulilitia pande hilo baina ya vipande viwili vya mkate laini, ukalikata vipande vidogo ili wanawake waliokuwa wakiimba na kucheza mbele ya wageni waweze kula bila ya kuharibu rangi ya midomo yao. Chakula hicho huitwa katsu-sando. Yako na mengine. Katika lugha ya Kijapani sauti hiyo ya katsu ni neno la asili lenye maana ya kushinda, na kwa sababu hiyo wanafunzi wengi hula katsu kabla ya kuingia katika mitihani. Nitalirudia jambo hili, maana katlesi na mitihani ni vitu vilivyofungamana katika maisha yangu kabla sijapata kuiona Japani.

Nilizaliwa katika kijiji kimoja cha wilaya ambayo leo huitwa Namtumbo, mkoani Ruvuma, kusini mwa Tanzania. Kaskazini yetu lilikuwapo Pori la Akiba la Selous, na baina ya pori hilo na mashamba yetu hapakuwa na ukuta ila giza. Tembo walikuja, nguruwe mwitu walikuja, na nyani walikuja mchana bila ya haya. Katika msimu wa mahindi na kunde baba yangu alilala shambani juu ya dungu, akipiga debe na kuchochea moto usiku kucha, na asubuhi alirudi macho mekundu, akiwa ameyahesabu mashina yaliyosalia. Mara chache, mara chache sana, alirudi na nyama. Nyama hiyo ilipikwa usiku, mlango umefungwa, na sisi watoto tulifundishwa kuiita samaki. Mtu akituuliza, mmekula nini jana, jibu letu lilikuwa moja: samaki. Mpaka leo pua yangu huikumbuka harufu ya mchuzi wa pongo iliyochanganyika na moshi usio na pa kutokea.

Mwaka 1991, nilipokuwa na umri wa miaka kumi, askari waliingia nyumbani kwetu kabla ya mapambazuko, wakafunua sufuria. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 1974 ilimtaka mwindaji awe na leseni, na baba yangu hakuwa nayo. Hakuwa hata na bunduki, alikuwa na mtego wa waya. Alitozwa faini ambayo hatukuweza kuilipa, akafungwa miezi sita. Mama alituchukua, akaenda kukaa kwa shangazi yangu mjini Songea. Huko stendi ya mabasi palikuwa na mama mmoja wa Kilwa aliyekuwa akiuza vitafunwa, naye alimwonea mama huruma, akamfundisha kutengeneza katlesi. Katika muda wa mwezi mmoja mama alikuwa na beseni lake, kitambaa chake cheupe, na wateja wake miongoni mwa makondakta. Hakuiacha kazi hiyo hata baba alipotoka gerezani. Karo yangu ya sekondari ilitokana na katlesi, na daftari zangu zilinuka vitunguu. Kwa hiyo nilipoambiwa Japani kwamba katsu ni ushindi wa mitihani, sikuona kuwa ni mchezo wa maneno. Niliona kuwa ni historia yangu.

Lakini ushindi huo ulikuwa na upande wake wa giza. Shuleni nilisema baba amesafiri. Aliporudi nilimwamkia kwa adabu, nikampa kiti, nikamletea maji, wala sikumwuliza kitu. Nilimkasirikia kwa hasira ya mtoto, ambayo ni hasira isiyo na maneno na kwa hiyo isiyokwisha. Niliona kwamba ameiuza heshima yetu kwa bakuli la mchuzi. Toka siku ile sikula tena nyama ya mwitu, hata pale nilipokaribishwa na watu wenye leseni zao. Nilisema hainipendezi. Ukweli ni kwamba niliogopa.

Nisieleweke kuwa nailaumu sheria. Pori la Selous na sehemu zinazolizunguka zilikuwa na tembo zaidi ya 100,000 katikati ya miaka ya 1970. Katika hesabu ya mwaka 2013 walipatikana karibu 13,000 tu. Nchi inayoona maangamizi kama hayo haina budi kuweka sheria kali na walinzi. Wajibu wa mlinzi ni mzito, na mara nyingi anayekutana naye ni mtu mwenye silaha. Ila sheria kali ni kama jarife: husukwa kwa ajili ya samaki wakubwa, lakini hao hulichana wakapita, na dagaa wakanaswa.

Mwaka 2023 nilialikwa kufundisha kwa mwaka mmoja katika Chuo Kikuu cha Osaka, ambako Kiswahili ni mojawapo ya lugha ambazo mwanafunzi aweza kuzichagua ziwe somo lake kuu. Miongoni mwa wanafunzi wangu alikuwako binti mmoja mwenye bidii, ambaye babu na bibi yake ni wakulima katika nchi ya vilima iitwayo Tamba, katika mkoa wa Hyogo. Mwezi wa Novemba aliniambia, “Mwalimu, bibi yangu angependa kukuona. Husema hajapata kumwona mtu anayenifanya nisome kiasi hiki.” Nikaenda.

Tamba ni mahali pa mpunga, njugu za miti iitwayo kuri, na soya nyeusi zenye sifa kubwa. Lakini kitu cha kwanza nilichokiona si mazao, bali ni uzio. Kila bonde lilikuwa limezungushiwa nyavu za chuma au nyaya za umeme, hata ikaonekana kana kwamba watu ndio waliofungwa na wanyama ndio wageni waliokuja kuwatazama. Mnyama anayeogopwa huko ni yule ambaye Wajapani humwita shika. Sisi Afrika Mashariki hatuna mnyama wa ukoo wake. Pembe zake zina matawi, naye huziangusha kila mwaka akaota nyingine, jambo ambalo pongo na swala hawalifanyi. Wasomaji wa Zaburi katika Kiswahili wamezoea kumwita ayala, na jina hilo nitalitumia, ingawa ayala wa Tamba ni mwizi zaidi kuliko yule wa Zaburi.

Babu wa mwanafunzi wangu alikuwa na umri wa miaka sabini na tisa. Alinieleza habari, na mjukuu wake akatafsiri. Mbwa mwitu wa Japani, aliyekuwa adui wa ayala, aliangamizwa. Wa mwisho anayejulikana aliuawa mwaka 1905 katika mkoa wa Nara. Vijana wamehamia mijini, na mashamba yaliyoachwa yameota vichaka ambavyo ni maficho mema kwa wanyama. Ayala na nguruwe mwitu wakazidi. Katika mwaka 2010 hasara ya mazao iliyoletwa na wanyama na ndege ilikadiriwa kuwa yeni bilioni 23.9, na mwaka 2013 serikali iliweka azimio la kupunguza idadi ya ayala na nguruwe mwitu hadi nusu katika muda wa miaka kumi. Wazee kama yeye walihimizwa kufanya mtihani wa leseni ya mitego. Aliufanya akiwa na umri wa miaka sitini na mitano.

Tukiwa tumesimama kando ya uzio wake, alisema neno ambalo mwanafunzi wangu alilitafsiri kwa Kiswahili safi kabisa: “Babu asema hakuwa mwindaji. Alikuwa mkulima. Ayala ndio waliomfanya kuwa mwindaji.”

Sikujibu. Nililiona dungu. Nililiona kana kwamba limesimama pale pale baina ya soya nyeusi, na mtu juu yake mwenye macho mekundu, akipiga debe.

Jambo lililomhuzunisha mzee huyo lilikuwa jingine. Katika wanyama wengi wanaouawa kwa ajili ya kulinda mazao, ni kama sehemu moja tu katika kumi inayokuwa chakula; waliosalia huzikwa au huchomwa moto. Alisema kuua ni dhambi moja, na kutupa ni ya pili. Kwa hiyo akimnasa ayala humpigia simu mtu wa nyumba ya kuchinjia iliyo karibu, ili mnyama afikishwe upesi, achunwe mahali safi, apimwe na kuandikwa. Sehemu ya nyama humrudia yeye katika mfuko wa plastiki wenye karatasi. Bibi aliutoa mfuko mmoja katika friji, akauweka mbele yangu. Mwanafunzi wangu akanisomea: namba ya mnyama, tarehe aliyokamatwa, jina la mahali, jina la nyumba iliyomchuna. Nilimwomba asome mara ya pili.

Sasa nieleze upishi, kama nilivyofundishwa na Bibi.

Nyama ya ayala ni nyekundu sana na haina mafuta. Huu ndio uzuri wake na ndiyo hatari yake, kwa kuwa nyama isiyo na mafuta hukauka upesi motoni. Bibi alichukua mnofu wa paja, akauondolea ule utando mweupe wenye kung’aa, maana utando huo hujikunja katika mafuta na kuipinda nyama. Akaukata kwa kuipinga nyuzi ya nyama, wala si kuifuata, vipande vyenye unene wa sentimita moja na nusu, akavigonga taratibu kwa mgongo wa kisu. Vilikuwa vimelala usiku mzima katika maziwa ili kupunguza harufu ya damu. Akavipangusa, akatia chumvi na pilipili manga, kisha akavivika nguo tatu: unga wa ngano, yai lililopigwa, na chenga za mkate ambazo Wajapani huziita panko. Chenga hizo ni kubwa na nyepesi kuliko zetu, kwa sababu husagwa kutoka katika mkate usio na ganda. Alinionya nisizikandamize kwa nguvu. Nguo ya sikukuu, alisema, haipigwi pasi mara mbili.

Mafuta yalipata moto wa nyuzi 170. Bibi hakuhitaji kipimo. Alitumbukiza ncha ya kijiti cha kulia, akatazama mapovu. Lakini kwa nyama yenyewe alitumia kipimo, wala hakuona aibu. Wizara ya Afya ya Japani huagiza kwamba nyama ya mwitu ipikwe mpaka moyo wake ufikie nyuzi 75 na kukaa humo dakika moja nzima. Agizo hilo lina sababu. Katika mwaka 2003, katika mkoa huo huo wa Hyogo, watu waliokula nyama mbichi ya ayala walipatwa na ugonjwa wa ini wa namna ya E, na uchunguzi ulionyesha kwamba ugonjwa huo ulitoka katika nyama. Kwa hiyo mpishi wa ayala hutembea juu ya ukingo mwembamba: akitoka upesi ataleta ugonjwa, na akikawia ataleta ngozi ya viatu.

Mimi nilikawia. Vipande vyangu vya kwanza nilivikaanga kwa hofu, nikaviacha katika karai mpaka vikawa vyeusi ukingoni, na mtu aliyevitafuna alisikika chumba cha pili. Bibi hakucheka. Alisema hivyo vitakuwa vya Babu, kwa kuwa Babu hulalamika kila siku kwamba chakula cha nyumbani ni laini mno. Vipande vya pili nilivitoa vilipokuwa na rangi ya ganda la korosho iliyokaangwa, nikavilaza juu ya wavu dakika chache ili joto la nje liendelee kuingia ndani polepole, na kipimo kikakubali.

Mkate ulikuwa mweupe, wa pembe nne, uliopakwa siagi na haradali kidogo. Bibi alipanga kabeji mbichi iliyokatwa nyembamba kama nyuzi, akalichovya pande la katlesi katika mchuzi mzito mweusi wenye uchachu na utamu wa matunda, akalilaza, akafunika kwa mkate wa pili. Kisha akaifunga sandwichi katika kitambaa, akaweka sahani juu yake kwa muda wa dakika kumi, ili mkate na nyama vizoeane. Baada ya hapo alikata kingo zote, akaigawa sehemu tatu zilizo sawa. Ndani ilionekana kama kitabu: jalada jeupe, kurasa za kijani, na katikati nyama yenye rangi ya waridi lililokauka.

Vilibaki vipande vidogo vya nyama visivyofaa kwa pande. Niliomba ruhusa, nikavikatakata, nikaponda viazi, nikatia kitunguu, pilipili na maji ya limau, nikatengeneza katlesi za mama yangu. Nilimwambia Bibi kwa fahari kwamba hii ndiyo katsu ya kwetu. Akaonja, akatikisa kichwa, akasema kwa upole wa mwalimu anayemsahihisha mtoto: “Hii si katsu. Hii ni korokke.” Na kwa hakika Wajapani wana chakula kama hicho cha viazi, na jina lake wamelitoa katika neno jingine la Kifaransa, croquette. Nimefundisha maneno ya mkopo kwa miaka mingi darasani, lakini sikupata kuadhirika kwa uzuri namna ile. Tulikubaliana kwamba jina litabaki korokke upande wake wa meza na katlesi upande wangu.

Tuliketi kula karibu na mlango wa kuelekea uani, nao ulikuwa wazi. Babu na Bibi waliunganisha viganja, wakasema itadakimasu, neno wasemalo Wajapani kabla ya kula, lenye maana ya kupokea kwa unyenyekevu. Nilikuwa nimekiinua kipande changu nilipomwona jirani akipita na toroli lake. Alisimama, akasalimu, akaniuliza mimi mgeni, kwa maneno mepesi ambayo niliweza kuyafahamu, nakula nini.

Nikajibu, “Sakana.”

Sakana kwa Kijapani ni samaki. Sikulichagua neno hilo. Lilitoka lenyewe, kama linavyotoka jina la mtu anapoitwa usingizini, tena lilitoka katika lugha niliyokuwa nimejifunza kwa muda wa miezi saba tu. Watu wote walicheka, wakidhani nimekosea msamiati. Mimi sikuweza kucheka. Niliiweka sandwichi sahanini, na mwanafunzi wangu akaona macho yangu.

Ndipo nikawasimulia. Nilisimulia habari za dungu, za mlango uliofungwa, za sufuria iliyofunuliwa, na mwanafunzi wangu akatafsiri polepole, akijitahidi asiangushe neno. Nilipokwisha, palikuwa kimya. Kisha Babu akasema kwamba hata wao walikuwa na samaki wa namna hiyo. Zamani, chini ya mafundisho ya dini na amri za watawala, kula nyama kulitazamwa vibaya katika Japani. Amri ya mfalme Tenmu ya mwaka 675 ilikataza nyama ya ng’ombe, farasi, mbwa, nyani na kuku. Ayala na nguruwe mwitu hawakutajwa humo, lakini karaha ilienea mpaka kwao. Watu wakaendelea kula na kuyabadili majina. Nguruwe mwitu waliitwa nyangumi wa mlimani, maana nyangumi alihesabiwa kuwa samaki, na samaki haana lawama. Nyama ya ayala mpaka leo huitwa momiji, yaani majani ya mti ambayo huwa mekundu wakati wa vuli. Nilifahamu basi kwamba watoto wa kijiji chetu hawakuwa waongo wa kwanza duniani. Mahali popote ambapo tumbo na amri hugombana, lugha huitwa kuamua, nayo huamua kwa kubadilisha jina.

Nilikula. Ganda lilivunjika kwa sauti ndogo, kisha ukaja ulaini wa mkate, kisha ukali wa haradali, na mwisho kabisa nyama yenyewe, yenye ladha ya kiini cha jambo, isiyo na shahamu ya kuficha kitu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kula nyama ya mwitu mlango ukiwa wazi.

Usiku ule nilimpigia baba simu.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mama. Wajionaje huko ugenini?”

“Sijambo. Baba, leo nimekula nyama ya mwitu.”

Alinyamaza. Nilisikia jogoo wa nyumbani, akiwika kabla ya wakati wake kama kawaida yake.

“Hao watu wana kibali?” akauliza.

“Wanacho.”

“Kimeandikwa?”

“Kimeandikwa, baba. Mfuko wa nyama una karatasi. Ina namba ya mnyama, na tarehe, na mahali alipokamatwa.”

“Niletee hiyo karatasi,” akasema.

Nikamwuliza swali ambalo nilipaswa kumwuliza katika mwaka 1991. Nilimwuliza yule pongo alimtega kwa nini.

“Alikuwa akila kunde,” akajibu. “Nilisema hivyo mahakamani. Wewe hukuwapo.” Kisha, baada ya muda, “Nilingoja uniulize, mama. Nikadhani hutaki kujua.”

Sina maneno mengi ya kutia hapa. Miaka thelathini nilikuwa nimemhesabia baba kosa lake, wala sikuwahi kuhesabu kunde.

Nilirudi nyumbani mwaka 2024. Karatasi ile niliisafisha, nikaifunika kwa plastiki, nikamkabidhi baba kwa mikono miwili. Hawezi kusoma herufi za Kijapani. Nilimsomea kama nilivyosomewa, naye aliniomba nisome mara ya pili. Kisha akafungua sanduku lake la bati, akaiweka juu ya karatasi yake ya mahakama, ambayo sikujua kuwa ameitunza.

Nchi yetu nayo imebadilika. Mwaka 2020 ziliwekwa kanuni za kuuza nyamapori nchini Tanzania, na mabucha yenye kibali yakaanza kufunguliwa, ili mwananchi apate kununua kwa haki kitu ambacho mzazi wake alikila kwa siri. Nilinunua nyama ya nyati katika bucha la namna hiyo, nikaifunga katika barafu, nikasafiri nayo mpaka kijijini pamoja na risiti yake. Nyati ni mgumu kuliko ayala, kwa hiyo nilimgonga zaidi, nikamlaza katika maziwa usiku na mchana. Kabeji ilikuwako, na mkate ulitoka Namtumbo mjini. Mchuzi mweusi haukupatikana. Nilitumia ukwaju, sukari na nyanya, wala sioni kwamba Bibi wa Tamba angenilaumu. Mama alisimama nyuma yangu muda wote. Alisema chenga zangu ni kubwa mno, na kwamba mtu anayekaanga katlesi bila ya viazi ana fedha za kuchezea.

Tuliketi barazani, mchana, mlango umefunguliwa mpaka mwisho. Risiti ilikuwa mezani chini ya kikombe, kwa kuwa baba alitaka iwe hapo. Alikula polepole, kwa meno yake machache, akamaliza, akaomba kipande cha pili. Ndipo akapita jirani yetu na baiskeli, akasimama, akatuamkia, akanusa hewa.

“Mnakula nini leo, mzee?”

Baba akaitazama risiti, akanitazama na mimi.

“Samaki,” akajibu.

Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upande wa khanga. Baba naye alicheka, na mimi nikacheka pamoja nao, kicheko ambacho sikuweza kukicheka kule Tamba. Jirani alikaribishwa, akapewa kipande chake, akala, akasema samaki huyu ana nguvu. Hapo baba alimwambia ukweli, akaitoa risiti chini ya kikombe ili jirani apate kuisoma.